Kumsoma Francesca pamoja na wasomaji wake wa kwanza: nilivyofanya

Katika kanto (wimbo) ya tano ya Inferno, sehemu ya kwanza ya shairi la Commedia, Dante anakutana Jehanamu na Francesca na mpenzi wake Paolo, waliouawa na Gianciotto, mume wa Francesca na kaka yake Paolo. Lakini Dante hamtaji Paolo kwa jina. Gianciotto naye hamtaji. Hasemi kwamba mume alikuwa kiwete, hasemi waliuawa kwa upanga, na kwamba wale wawili walikuwa shemeji hasemi waziwazi. Hata hivyo karibu kila anayeifungua kanto hii leo huyakuta hayo yote, kwa sababu anayo kichwani tayari. Kazi niliyojipa ni kutenganisha maneno ya Dante na yale yaliyoongezwa na wafafanuzi wake katika miaka hamsini na kitu baada ya kifo chake huko Ravenna mwaka 1321.

Nilianza na shairi tupu, tanbihi zote nikiwa nimezifunika. Commedia nzima ina kanto 100 na mishororo 14,233, na kila mshororo una silabi 11. Sisi tuliozoea utenzi wenye mizani 8 huhesabu kila irabu peke yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Chukua mshororo wa pili wa kanto ya kwanza: «mi ritrovai per una selva oscura». Kwa hesabu yetu unapata 13. Kitaliano huzifunga irabu: «ai» ya ritrovai ni silabi moja, na «a» ya selva hutamkwa kwa pumzi moja na «o» ya oscura. Zinabaki 11. Mkazo wa mwisho lazima uangukie silabi ya kumi, kwa hiyo ukiangukia kwingine najua kuna irabu nilizozifunga vibaya, au kuna nilizosahau kuzifunga.

Vina navyo vina faida yake. Hufungamana kama pete za mnyororo, ABA BCB CDC, kisha mshororo mmoja hubaki peke yake kufunga kanto. Toa moja kwenye idadi ya mishororo ya kanto yoyote, na kinachobaki lazima kigawanyike kwa tatu. Kanto ya tano ina 142. Ukitoa moja zinabaki 141, yaani beti 47. Nilipoinakili kwa mkono (nashauri kila mtu anakili, jicho husoma taratibu mkono unapoandika) niliihakiki kwa njia hiyo. Mnyororo huu ndio uliolilinda shairi mikononi mwa wanakili: huwezi kuchomoa ubeti bila vina kukatika.

Ndani ya mshororo, lakini, ulinzi huo haupo. Mshororo wa 59 unamhusu malkia Semiramis: «che succedette a Nino e fu sua sposa», aliyemrithi Nino na aliyekuwa mkewe. Pia kuna usomaji wa «sugger dette», yaani aliyemnyonyesha Nino. Silabi ni zilezile, kina hakiguswi, sauti zinakaribiana, ila mke amegeuka mama aliyeolewa na mwanawe. Nakala za mkono zilizobaki ni kama 800, na hakuna hata moja iliyoandikwa na Dante mwenyewe. Nilitumia matini iliyohaririwa na Giorgio Petrocchi, ya miaka ya 1966 na 1967, ambayo imejengwa juu ya nakala za kabla ya zile alizonakili mwandishi Boccaccio. Kila nilipokuta mfafanuzi anaeleza jambo lisilolingana na matini hiyo, nilijiuliza kwanza: je, yeye alikuwa na neno lilelile mbele yake? Mara nyingine ugomvi wa maana ni ugomvi wa herufi tu.

Baada ya hapo nilichora jedwali. Safu ya kwanza ni ya shairi pekee, na ni fupi ajabu. Mshororo wa 74: wawili waendao pamoja. 97 hadi 99: mwanamke alizaliwa pwani, mto Po unapoteremka, nayo ni Ravenna. 106: mapenzi yaliwafikisha kwenye kifo kimoja. 107: Caina inamngoja aliyeuzima uhai wao. 116: jina Francesca. 127 hadi 138: kitabu cha Lancialotto (Lancelot, shujaa wa hadithi za mapenzi), busu, na kusoma kukaishia hapo. Ndani ya kanto hii, ile Caina ndiyo ushahidi pekee wa undugu, na maana yake inaonekana mbali kabisa, kanto ya 32, mahali pa waliowasaliti jamaa zao. Aliyesoma kanto ya tano kwa mara ya kwanza hakuwa na namna ya kulijua hilo kutoka kwenye shairi.

Safu zilizofuata ni za wafafanuzi kwa mpangilio wa miaka: Jacopo, mwana wa Dante, 1322, Graziolo Bambaglioli wa Bologna, kwa Kilatini, 1324, Jacopo della Lana, naye wa Bologna, wa kwanza kufafanua kantika (sehemu kuu) zote tatu, miaka ya 1320, Ottimo wa Firenze, miaka ya 1330, Pietro, mwana mwingine wa Dante, kisha Boccaccio, kisha Benvenuto da Imola. Mwenye Kilatini kidogo aanze na Benvenuto, ambaye husimulia, kabla ya Pietro.

Wote nimewasoma bure kwenye hifadhidata ya Dartmouth Dante Project. Usitafute kwa neno. Ukiandika «Gianciotto» utawakosa walioliandika jina hilo kwa tahajia nyingine, na walioandika Kilatini. Acha nafasi ya neno wazi, jaza kantika, kanto na mshororo. Nilipouliza mshororo wa 107 peke yake niliambulia kidogo, kwa kuwa mfafanuzi hubandika kisa kizima kwenye mshororo wa kwanza wa kifungu, si pale kinapokuhusu wewe. Nikapitia kuanzia 73 hadi 142. Pietro anahitaji uangalifu zaidi: ufafanuzi wake una matoleo matatu, kwa hiyo andika ni lipi, la sivyo utaweka jambo la baadaye kwenye safu ya awali.

Jedwali lilipojaa, kisa kilionekana kikikua. Lana tayari anasema mume aliwakuta katika tendo akawachoma wote wawili pamoja kwa upanga. Ottimo anamfuata Lana mahali pengi, kwa hiyo hao wawili si mashahidi wawili. Hili ndilo kosa linalopotosha zaidi: kuhesabu wafafanuzi kama kura, ilhali mmoja kanakili kwa mwenzake bila kumtaja.

Kwa Boccaccio mambo yanafurika. Alianza kufundisha Commedia hadharani katika kanisa la Santo Stefano di Badia, Firenze, tarehe 23 Oktoba 1373, kwa ujira wa florini 100 kwa mwaka, baada ya wananchi kuiomba serikali ya mji. Kwake tunapata vita kati ya ukoo wa Polenta, wa Francesca, na ukoo wa Malatesta, wa Paolo, ndoa ya kufunga amani, Paolo kutumwa kuoa kwa niaba ya kaka yake mwenye sura mbaya na kiwete, Francesca kugundua alfajiri ya baada ya harusi kwamba amedanganywa, mtumishi aliyefichua siri, nguo ya Paolo iliyonasa kwenye chuma alipokuwa akitorokea mlango wa sakafuni, na Francesca kujirusha katikati. Kila kipande kinamwondolea Francesca lawama kidogo. Paolo, lakini, alikuwa ameshaoa miaka mingi kabla, na watu wa Firenze walimfahamu, maana mwaka 1282 alikuwa capitano del popolo (kiongozi wa wananchi) mjini kwao.

Usiishie kwenye kisa chenyewe. Boccaccio anaongeza kwamba kuhusu namna wapenzi hao walivyoungana hakuwahi kusikia lolote zaidi ya aliyoandika Dante, naye anaamini hayo ni ubunifu uliojengwa juu ya jambo linalowezekana. Wengine waliomnukuu baadaye wameiacha sentensi hiyo, nayo ndiyo niliyoipigia mstari mwekundu. Kumbuka pia kwamba kanto anazifafanua mara mbili, kwanza maana ya maneno na kisha fumbo; kisa hiki kimo katika sehemu ya kwanza.

Sasa nimeanza jedwali la Ugolino, mhusika mwingine wa Inferno, kanto ya 33. Huko safu ya Boccaccio itabaki tupu, kwani mafundisho yake yalikatika kanto ya 17, naye akafariki mwaka 1375. Nafasi yake nimempa mfafanuzi Francesco da Buti wa Pisa, mji ambao Ugolino alifia.