Unyoya Wenye Damu

Mwaka 2016, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikubaliana mjini Johannesburg kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaonaswa porini. Baadaye, nilipojitolea katika kituo kidogo cha kuwauguza ndege hao karibu na Kindu, mashariki mwa Kongo, bado walikuwa wakiletwa wamerundikwa ndani ya visanduku.

Wengi walikuwa wamenaswa kwa ulimbo, ambao tuliulainisha kwa mafuta ya kula kabla ya kuwaosha kwa sabuni ya vyombo. Tatizo kubwa lilikuwa mabawa, kwa kuwa wategaji huyakata manyoya yake kwa mkasi, na unyoya uliokatwa haurefuki tena; kishina chake hubaki ngozini mpaka kinyonyoke chenyewe na unyoya mwingine uote, jambo ambalo kwa kasuku huweza kuchukua zaidi ya mwaka. Mimi, nakiri, sikuumbwa kwa kungoja kiasi hicho.

Asubuhi moja niliagizwa nimpime uzito kasuku wa namba 7, basi. Mzani ulionyesha gramu 410. Nilijua alikuwa ameanza kuota manyoya mapya matatu, kila moja likiwa limefungwa ndani ya ala kama ya nta, rangi ya samawati iliyokoza kwa sababu ya damu inayolilisha, nami nikalikunjua bawa ili niyaone. Alijipapatua mara moja tu, nikasikia kitu kikikatika.

Damu ilichuruzika hadi kwenye kiwiko changu. Nilibandika unga wa mahindi, ukaloa. Nikaongeza, ukaloa tena. Mama msimamizi, aliyekuwa akiwamenyea ndege chikichi, alikuja bila kukimbia.

“Mshike kichwa, mwanangu. Kifua usikibane, atakosa pumzi.”

Akakishika kishina kwa koleo pale kinapotokea ngozini, akakivuta kwa mkupuo mmoja kufuata kinakoelekea, kisha akapabonyeza kwa pamba. Damu ilikata. Kasuku akaniuma kidole gumba, haki yake.

Jioni, Mama alinisogezea daftari la majeruhi na kalamu. Katika safu ya chanzo cha jeraha, juu ya mstari wangu, palikuwa pameandikwa ulimbo, ulimbo, mkasi. Nikaandika: mkono wangu.