Pale Papa alipokuwa anagonga

"Papa, rezo imekata?"

Binti yangu aliniuliza hivyo Jumapili jioni, bukari (ugali) imeisha, vyombo bado viko mezani. Simu yangu ilikuwa imeungwa kwa bluetooth na Grundig, amplifaya ya zamani ya kambo yake, yaani babu yake. Mwimbaji alikuwa amerudia neno moja mara mbili, mara tatu, kikasikika kishindo kifupi, kisha wimbo ukaendelea na safari yake. Kwa mtoto wa miaka tisa, wimbo ukikwama maana yake rezo, mtandao wa simu, umekata au mega za intaneti zinaisha.

Rezo haikukata. Ile ni rekodi ya sahani ya nyumba yetu, santuri ya zamani, na kile kishindo ni kidole cha baba yangu.

Ilikuwa Julai 2016, ule msimu ambao Lubumbashi inaamka na baridi na vumbi jekundu linaingia hata kwenye masanduku yaliyofungwa. Mama alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla. Papa, baba yangu, alibaki Kamalondo, komini (mtaa) ya Lubumbashi, na kinanda chake cha kuchezea sahani kilikuwa kimenyamaza kwa sababu mkono ulianza kumtetemeka. Kila akitaka kushusha sindano, ilitua popote ilipotaka yenyewe. Aliogopa kuziharibu sahani, akafunika kinanda kwa kitambaa cha Mama na kukiacha hivyo.

Nikaona nimsaidie. Nyimbo zake nyingi zilipatikana kwenye intaneti, zimesafishwa, hazina hata mkwaruzo. Nilinunua sokoni kipokezi cha bluetooth kilicho kidogo kama kiberiti, nikapata na waya wenye pini tano, kwa maana mashine za Ulaya za miaka ya 1970 hazikujali plagi tunazozijua leo. Nyuma ya amplifaya kuna matundu ya mviringo, na juu ya kila moja kuna herufi mbili. Nilichomoa waya wa kinanda, nikachomeka wangu palepale, maana tangu utoto ndipo nilipoona muziki ukiingilia.

Kilichotoka kwenye spika kilikuwa ngurumo. Besi ilitikisa vioo vya kabati, sauti ya mwimbaji ikapasuka vipande vipande. Papa alinyoosha mikono yote miwili kuelekea mashine, kama mtu anayemwona mtoto akianguka. Nilizima. Moyo ulikuwa unanidunda; nilidhani nimeichoma.

Tulimwita fundi wa redio kutoka komini ya Kenya, hapohapo Lubumbashi. Alisoma zile herufi kwa tochi: TA, TB. Ni za Kijerumani, akasema. TA ni ya kinanda, TB ni ya tepu. Sindano ya sumaku inatoa milivolti chache tu, tano hivi, kwa hiyo upande wa kinanda amplifaya inaikuza sauti kupita kiasi. Tena inaongeza besi, kwa sababu sahani hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, la sivyo mifereji ingepanuka hadi igusane. Kipokezi changu kilikuwa kinaleta nguvu mamia ya mara zaidi ya hiyo. Nilikuwa nimempigia kelele mtu aliyenisogezea sikio nimnong'oneze. Fundi alihamisha waya kutoka TA kwenda TB, akanyunyizia dawa kitufe cha sauti kilichokuwa kinakwaruza, akachukua pesa yake akaenda.

Sasa niwaambie kuhusu hiyo sahani.

Usiku wa kuamkia 1984 Mama alikuwa anacheza sebuleni, mimi nikiwa mgongoni mwake. Nyonga yake iligonga kabati, sindano ikateleza, ikaacha alama. Tangu usiku ule wimbo ukifika hapo unakwama. Papa hakuinunua nyingine. Alijifunza dawa yake: neno likirudi mara ya pili anainua kidole cha kati, likirudi mara ya tatu anagonga kinanda ubavuni (si juu, ubavuni), na sindano inaruka mbele. Sahani ya mizunguko 33 kwa dakika hutumia kama sekunde 1.8 kuzunguka mara moja. Tuliruka mizunguko minne, pengine mitano. Kwa hiyo kuna sekunde saba hadi tisa za wimbo ule ambazo mimi, niliyekulia ndani yake, sikuwahi kuzisikia.

Nilibonyeza simu. Papa alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, koti limefungwa hadi shingoni, mkono wa kulia umelala kando ya kinanda kilichozimwa. Gitaa liliingia safi, kila uzi peke yake. Alitikisa kichwa kidogo, ameridhika. Ubeti wa kwanza ukapita. Kisha nikakiona kile kidole kikianza kuinuka. Hakukiangalia. Macho yake yalikuwa dirishani, kwenye mwembe wa jirani, lakini kidole kilijua kwamba mahali pamekaribia. Kikasimama hewani, kikitetemeka.

Neno lilikuja mara moja. Halikurudi. Mwimbaji alivuta pumzi, hata pumzi ile ilisikika, akaendelea na maneno mengine, mapya kabisa kwangu, kwa Kilingala, anamwomba mwanamke asubiri mvua ikatike ndipo aende. Kidole kilikuwa bado juu. Maneno yalipokwisha, kilishuka kwenye ubao taratibu, bila kugonga.

"Nilikuwa nimesahau anasema hivyo," Papa akasema.

Nikamuuliza kama nizime. Akakataa. "Rudisha." Nikarudisha kwa kidole changu juu ya kioo. Akasikiliza. "Tena." Mara nne. Mara ya nne alikuwa anaimba naye kwa sauti ya chini, na sikujua nitazame wapi.

Halafu akasema: "Sasa weka yetu."

Nilirudisha waya wa kinanda TA, nikaitoa sahani kwenye karatasi yake, nikaishusha sindano mimi. Chakacha zile za mwanzo, kama mafuta kwenye kikaango. Tulipofika, neno likarudi, kidole kikainuka, na mkono uliokuwa hauwezi kuweka sindano ukagonga ubavu wa kinanda mahali penyewe, kwa nguvu ileile. Wimbo ukaruka. Papa akaegemea kiti.

Mwaka uliofuata nilirekodi sahani hiyo kwenye kompyuta, kupitia tundu lilelile la TB. Pini mbili zake hutoa sauti kwenda kwenye tepu. Inatoka dhaifu sana, ikabidi niiingize upande wa mikrofoni. Papa alikaa pembeni, akagonga wakati wake. Nilifanya upande mmoja tu. Mpira unaozungusha sahani ulilegea, nyimbo zikaanza kuteremka kama mtu anayesinzia, na kabla sijapata mwingine Papa naye alikuwa ameondoka.

Kwa hiyo ninayo yote mawili kwenye simu. Ule safi una maneno ya mvua. Wetu hauna. Nikitaka kumwekea binti yangu wimbo wa kambo yake, nashika simu muda mrefu bila kuchagua. Sijui kama siku ile nilimrudishia Papa kitu au nilimwonyesha tulichokuwa tumekosa miaka yote. Yeye hakusema, nami sikuuliza.

Jumapili nilimweleza mtoto hivi hivi, kwa ufupi. Akatoka mezani kwenda kwenye kinanda.

"Alikuwa anagonga wapi?"

Nilimwonyesha. Vanishi imetoka ubavuni, pamebaki ubao mweupe, duara dogo kama punje ya haragi. Aliweka kidole hapo. Akaniomba nirudishe wimbo mwanzo.