Kyle Hines, senta mfupi aliyeitawala Ulaya

Kyle Hines alipomaliza chuo cha UNC Greensboro mwaka 2008, hakuna timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani, iliyomchagua. Senta, mchezaji wa karibu na kikapu ambaye kwa kawaida ndiye mrefu kuliko wote, wa mita 1.98! Akaanzia Veroli, daraja la pili Italia, kisha Bamberg ya Ujerumani. EuroLeague, michuano mikubwa ya klabu za Ulaya, akabeba mara 4: 2012 na 2013 akiwa Olympiacos ya Ugiriki, 2016 na 2019 akiwa CSKA Moscow ya Urusi.

Ukitaka kumwelewa, mtazame anapokaba. Mpinzani akisimama kumzibia njia mkabaji ili mwenye mpira apite, senta mrefu kwa kawaida hurudi nyuma kulinda kikapu, na mrushaji anabaki huru kwenye mstari wa pointi tatu. Hines alibadilishana mtu na mwenzake papo hapo, akamkaba mwenye mpira yeye mwenyewe: magoti yamekunjwa, kiuno chini, miguu ikitambaa kando bila kupishana. Chini ya kikapu aliwahi nafasi kabla ya pasi kufika, kwani jitu la mita 2.15 likishapokea mpira pale, umechelewa.

Sheria za Ulaya nazo zilimfaa, maana mkabaji anaweza kukaa chini ya kikapu bila kuhesabiwa sekunde 3 kama NBA. Ila mchezaji hutolewa kwa faulo 5, si 6 kama NBA, hivyo mkono wa pupa unakuweka benchi mapema. Alistaafu mwaka 2024 akiwa Milano ya Italia.