Saa tano za kwenye tiketi

Mdogo wangu alipopata tiketi ya kwenda Los Angeles, aliisoma barazani kwa mama, Ujiji. Kigoma hadi Dar, Dar hadi Dubai, halafu kile kipande kirefu: kuondoka Dubai 08:30, kufika 13:30, tarehe ileile. Mama akahesabu kwa vidole. Saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa saba na nusu mchana.

"Saa tano! Kumbe Marekani ni hapo tu. Treni ya Tabora yenyewe haiwahi hivyo."

Mimi, mwalimu wa jiografia, nilikuwa nachambua dagaa. Nikaitikia "ndiyo mama" bila kufikiri.

Siku ya safari, saa saba na nusu mchana mama yuko mkekani, simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Saa nane kimya. Saa kumi akashika tasbihi. Saa kumi na moja akanipigia, akaniita kwa jina langu. Siku zote huniita "baba", kwa hiyo nikajua mambo yameharibika.

Ilikuwa likizo ya Juni na tufe la shule lilikuwa kwangu. Nikapanda nalo bodaboda, na uzi wa kushonea mfukoni. Uzi kuzunguka Ikweta: mita moja kamili. Dunia pale ina kilomita kama 40,000, basi kila sentimita ni kilomita 400. Kigoma–Dar, kilomita kama 1,080, hata sentimita 3 haikutimia. Kisha nikaubana uzi kwenye Dubai kwa kidole gumba, nikauvuta mpaka Los Angeles. Mama alitegemea uvuke Afrika na Atlantiki, kama ramani ya ukutani inavyoonyesha. Kila nilipoukaza uliteleza kwenda juu, ukatulia karibu na Ncha ya Kaskazini. Sentimita 33 na nusu. Kilomita 13,400! Hata kwa ndege inayokata zaidi ya kilomita 800 kwa saa, hizo ni saa 16.

"Kwa hiyo tiketi imeandika uongo?"

Redio ndiyo iliyoniokoa. Saa kumi na mbili na robo ikaadhini Magharibi ya Dar, na jua letu bado liko juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kila Ramadhani wajukuu hukimbilia tende wakiisikia, na kila Ramadhani mama huwapiga vikofi vya mkono: "Hiyo ya Dar!" Saa za ukutani ni zilezile, ila jua hutuaga sisi dakika kama 40 baadaye.

Nikamwambia, huko kwa binti yako jua limechelewa zaidi, mpaka wana saa zao, 10 nyuma ya zetu. Tiketi inaandika kuondoka kwa saa ya Dubai na kufika kwa saa ya kule. Kwetu sisi kaondoka saa moja na nusu asubuhi, atatua saa tano na nusu usiku.

"Hiyo ya Dar," akasema mama, akaenda kutawadha.

Simu ililia saa saba kasoro usiku. "Umekula?" Akajibiwa kwamba huko ndiyo kwanza mchana, jua linachoma. Mama akafungua dirisha. Nje giza, na taa za wavuvi wa dagaa mbali ziwani.

"Huo mpira wako," akaniambia, "usiurudishe shule kwanza."