Siku ya gololi mbili

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta jikoni nakanda udongo wa mfinyanzi. Leo kidato cha tano, kwenye fizikia, tunaanza migongano, na mada hii sipendi kuifundisha kwa chaki peke yake. Kwenye mkoba nina gololi mbili za beringi nilizopewa na fundi wa gereji hapa Tanga.

Saa 2 asubuhi. Nalaza rula mbili mezani kama reli, naweka gololi moja katikati, naisukumia nyenzake. Tak! Iliyokuja inasimama pale pale, iliyotulia inaondoka. Nauliza kwa nini. Darasa zima: “Momenta inahifadhiwa!”

Yaani masi mara kasi, ikijumlishwa, haibadiliki kabla na baada. Ni kweli, ila jibu halijatimia. Naandika ubaoni: kila kitu masi kilo 1, kinachokuja kina kasi ya mita 4 kwa sekunde. Momenta ni 4. Baada ya kugongana, je, kasi zikiwa 2 na 2? Jumla 4. Zikiwa 1 na 3? Jumla 4. Zikiwa 0 na 4? Bado 4. Kimya. Momenta inazikubali zote tatu, sasa gololi imejuaje ya kuchagua?

Hapo ndipo nishati mwendo inapoingia. Nusu ya masi mara kasi kipeo cha pili: mwanzo jouli 8. Kasi 2 na 2 zinatoa 4. 1 na 3 zinatoa 5. 0 na 4 zinatoa 8. Chuma kwa chuma hakipotezi nishati nyingi, kwa hiyo kinachowezekana ni hicho cha mwisho.

Saa 2 na nusu. Nafanya upya, safari hii nimebandika udongo kati yao. Zinagandana na kwenda pamoja taratibu. Kwa hesabu yetu ya ubaoni, ni kasi 2 na jouli 4. Nampa binti wa mbele aguse kishimo kwenye udongo: nishati imetumika kuubonyeza, ikaishia joto, na kidogo sauti. Anafikiri, kisha: “Madam, mbona momenta haikupotea nayo humo?”

Swali hili nalisubiri kila mwaka. Gololi zinasukumana kwa kani sawa, pande tofauti, kwa muda ule ule. Momenta anayoipoteza huyu anaipata yule. Udongo unaweza kupata joto, lakini chembe zinazotikisika huko ndani zinaelekea kila upande, na momenta ina mwelekeo. Mitikisiko yao ikijumlishwa inafutana.

Saa 8 mchana. Nasahihisha. Wengi wamesawazisha nishati mwendo kabla na baada, hata kwa vitu vilivyogandana. Kila daftari naandika: “Je, viligandana?”

Saa 11 jioni. Ngamiani, chini ya mwarobaini, vijana wanacheza keram. Bao limepakwa poda. Kete ya kupigia inaigonga ndogo katikati, lakini haisimami kama gololi yangu, inafuata nyuma.

Saa 3 usiku. Nimekaa na karatasi. Ikiwa kete ya kupigia ni nzito mara tatu ya ile ndogo na hakuna nishati inayopotea, kubwa inabaki na nusu ya kasi yake, ndogo inaondoka na kasi mara moja na nusu ya ile ya mwanzo. Momenta zimegawana sawa kwa sawa! Nishati, hapana: robo tatu imeondoka na ile ndogo. Kesho naazima bao la keram.