Yai, karafuu na vifuu viwili: ninavyosomesha sayansi darasa la pili

Nasomesha darasa la pili katika skuli ya msingi upande wa Wete, Pemba. Watoto ni wengi na maabara hatuna, lakini kwa umri huu maabara si lazima. Lazima ni mtoto ashike kitu kwa mikono yake, na kabla hajakishika aulizwe anadhani kitatokea nini. Huko kuulizwa kwanza kumelibadilisha darasa langu kuliko kifaa chochote.

Kwa hiyo hagusi mtu mpaka achore kwenye daftari anavyodhani. Wengi bado kuandika kunawapa tabu, lakini yai juu ya maji au yai chini ya maji kila mmoja anaweza kulichora. Akishachora, anataka kujua kama amepatia, na mtoto wa namna hiyo hachungulii dirishani.

Somo la yai ndilo ninalolipenda zaidi. Nakata shingo chupa mbili kubwa za plastiki (za gilasi sizitumii kwa watoto hawa), moja natia maji ya mfereji, nyingine maji ya bahari. Watoto wa pwani wanajua kwamba baharini mtu huelea kwa wepesi kuliko kwenye maji ya mvua, basi karibu darasa zima lilichora yai likielea kwenye chupa ya bahari. Nikalitia. Likazama mpaka chini.

"Maalim, yai lako bovu!" mmoja akapiga kelele.

Mwenziwe akamkatalia pale pale: yai viza ndilo linaloelea, mamaake huyajaribu kwenye bakuli la maji kabla ya kuyapasua. Na ni kweli. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno. Yai likikaa siku nyingi, maji yaliyomo hutoka kidogo kidogo na hewa huingia, uzito ukapungua na ukubwa ukabaki ule ule. Nilifurahi sana kwamba jambo hilo lilitoka jikoni kwao, halikutoka kwangu.

Tukaanza kuongeza chumvi, kijiko baada ya kijiko, mmoja akikoroga na wengine wakihesabu kwa sauti. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na hiyo haitoshi kulibeba yai jipya. Ilipozidi vya kutosha, yai lilitikisika, likasimama wima, kisha likapanda polepole mpaka kipande cha ganda kikatokeza juu ya maji. Hapo ndipo niliposema kwamba maji yenye chumvi nyingi ni mazito kuliko maji ya mfereji ya kipimo kile kile. Istilahi zenyewe watazikuta madarasa ya juu.

Msimu wa karafuu nao una somo lake, maana watoto wengi huja skuli vidole vikinukia kwa kuchambua makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu. Natengeneza mizani ya ufito, kamba na vifuu viwili vya nazi. Kifuu kimoja tunatia karafuu mbichi, kingine vijiwe mpaka viwe sawa, halafu karafuu tunazianika juu ya jamvi. Zikikauka tunazirudisha mizanini, na kifuu cha vijiwe kinashuka kwa kishindo. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu, kila mkulima wa Pemba anajua. Watoto pia wanajua kwamba zinapungua, ila hakuna aliyewahi kuwauliza kile kilichopungua kimekwenda wapi. "Jua limekula," wakasema. Sikuwajibu. Nilifunika konzi ya karafuu mbichi kwa kopo jeupe linaloonesha ndani, tukaliacha juani. Tuliporudi, matone yalikuwa yameganda ndani ya kopo. Mtoto mmoja wa kike akapitisha kidole, akanusa: "Maji haya, Maalim, lakini yananuka karafuu." Basi tukaingia kwenye mafuta, na kiwanda cha Wawi, Chake Chake, ambako makonyo hukamuliwa mafuta kwa mvuke.

Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa kama langu: gawa makundi madogo, na kila mtoto awe na kazi. Mmoja ashike, mmoja akoroge, mmoja ahesabu, kisha wabadilishane. Asiye na kazi ndiye atakayemwaga maji. Fanyeni chini ya mwembe kama upo, kelele zisiwasumbue wenzenu. Wazee waombe vifuu na makopo tu. Mayai nanunua mwenyewe, mawili yanatosha darasa zima.

Maji ya yai siyamwagi. Nayatia kwenye sinia pana, naliweka juani mahali pasipofikiwa na kuku, na madaftari yanafunguliwa tena: chora kitakachobaki. Chumvi itakayotoka hapo hailiwi, kwa kuwa imegusana na yai bichi, na wote wananawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda mapumziko.