Wala Mjakazi Wako

Heri ya Sabato, wapendwa.

Fungu letu la juma hili ni Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Wengi wetu amri ya nne tunaijua kwa maneno ya Kutoka 20, yale tuliyokaririshwa tangu darasa la watoto: "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase." Safari hii naomba tuisome kule Musa alikoirudia, ng'ambo ya Yordani, mbele ya kizazi kilichokulia jangwani. Kuna maneno ameyaongeza pale, nayo yamekuwa yakinisumbua majuma kadhaa sasa.

Mimi ni mtoto wa milima ya Upare, mahali ambapo ujumbe wa Waadventista ulifika mwaka 1903. Kwetu Ijumaa ilikuwa siku ya pilikapilika kuliko zote. Maji yalichotwa mpaka kila ndoo ikajaa. Kuni zilipangwa jikoni, nguo zikapigwa pasi ya mkaa, viatu vikang'arishwa, na makande yalibandikwa tangu mchana. Ng'ombe wetu alikuwa wa zizini, wa kuletewa majani. Siku nyingine mama alikata mzigo mmoja. Ijumaa alikata miwili na kuibeba yote, akipanda ule mlima mara mbili. Nilipokuja kusoma habari ya mana katika Kutoka 16, watu wakiokota pishi mbili siku ya sita kwa sababu ya saba hawataikuta kondeni, sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia. Nilikuwa nimeiona mgongoni kwa mama.

Jua likikaribia kuzama tulikaa sebuleni, baba akafungua Sabato kwa wimbo na sala. Wimbo wenyewe siukumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba hapakuwa na mtu aliyebaki jikoni. Mama naye alikuwa amekaa, mikono mapajani, haina kitu. Katika juma zima ile ndiyo ilikuwa saa tuliyomwona amekaa.

Sasa naishi Dar es Salaam. Nina mume, watoto watatu, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye sote tunamwita dada. Nami kwa miaka mingi nimesema bila kusita kwamba nyumba yangu inatunza Sabato. Hatununui, hatuuzi, televisheni inazimwa Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni, lesoni ya Shule ya Sabato inasomwa. Nilikuwa naamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Kisha Sabato moja nikawa nafundisha darasa langu, tumekaa karibu na dirisha, nikaisoma amri kwa sauti: wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako. Nikainua macho. Nje, chini ya mwembe, dada alikuwa anatembea huku na huko amembeba mwanangu mdogo mgongoni, anambembeleza alale. Siku ile alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri. Alichemsha chai, akaogesha watoto wawili, akafunga mfuko wa nepi na uji. Kanisani hakuwa amesikia hata fungu moja, maana kila mtoto akilia ni yeye anayetoka. Na tukirudi nyumbani angepasha chakula, angewatengea wageni, na sisi tukiwa tumejinyoosha tunazungumzia hubiri, yeye angekuwa kwenye karo na sufuria.

Nilimaliza darasa, ila sijui nilisema nini baada ya hapo.

Wapendwa, hebu tuitazame ile orodha. Amri hii inahesabu watu wa nyumba mmoja mmoja, na haiishii kwa watoto. Inashuka mpaka kwa watumishi, kwa ng'ombe na punda, kwa mgeni aliye ndani ya malango. Ukimwambia mwenye nyumba "pumzika" ukanyamaza, atapumzika yeye, na kazi itahamia kwa aliye chini yake. Mungu anaijua tabia yetu hiyo. Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati anaongeza sababu ambayo Kutoka 20 haina: mtumwa wako na mjakazi wako "wapumzike vile vile kama wewe." Vile vile kama wewe! Hakusema wapate nafuu kidogo, au wafanye kazi nyepesi nyepesi. Kipimo cha pumziko la mjakazi ni pumziko la mama mwenye nyumba.

Halafu anawakumbusha walikotoka: nawe ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu Sabato haieleweki bila Misri. Musa na Haruni walipokwenda kwa Farao mara ya kwanza, katika Kutoka 5, Farao aliwalaumu kwamba wanawapumzisha watu na mizigo yao. Kwa Kiebrania, neno analolitumia limetoka katika shina lilelile la Sabato. Sinai bado iko mbali, mbao za mawe hazijachongwa, na tayari mtu wa kwanza kukasirika kwa sababu watumwa watapumzika ni Farao. Jibu lake tunalijua. Majani ya kufinyangia matofali wasipewe tena, wakajitafutie wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Wakilalamika, akawaita wavivu.

Nililisoma hilo neno "wavivu" nikaifunga Biblia. Nimewahi kulisema jikoni kwangu.

Kuna aya nyingine ambayo hatuihubiri mara nyingi, Kutoka 23:12. Inasema siku ya saba upumzike ili ng'ombe wako na punda wako wapumzike, na mwana wa mjakazi wako pamoja na mgeni waburudike. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika kwa mwana wa mjakazi ni adimu, kinaonekana mara tatu tu katika Agano la Kale lote. Maana yake ni kurudishiwa pumzi. Ni wa ukoo mmoja na neno nefesh, ndugu wa neno letu "nafsi" lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Mara moja kinamhusu Daudi, amechoka njiani akimkimbia Absalomu mwanawe. Mara nyingine, katika Kutoka 31:17, kinamhusu Mungu mwenyewe, alipomaliza kuziumba mbingu na nchi. Kwa hiyo lile pumziko la Muumba siku ya saba limetajwa kwa neno lilelile na pumziko la mtoto wa mtumishi wa ndani. Kiswahili chetu nacho kinalijua jambo hili, maana ndani ya "pumzika" mna "pumzi". Binti aliyeshinda amebeba mtoto wa mtu mwingine mgongoni anastahili pumzi yake irudi, na Mungu ameliandika hilo kwa neno alilolitumia juu ya nafsi yake.

Najua yanayosemwa, kwa sababu nimeyasema. Dada analipwa. Kazi za nyumbani siyo kazi hasa. Akikaa bure ataharibika. Tena tunampeleka kanisani, sasa anataka nini zaidi? Lakini Amosi 8 inatuonyesha watu waliotunza sabato kwa nje huku wakiuliza itaisha lini wapate kuuza nafaka kwa mizani ya udanganyifu, na Mungu akaapa kwamba hatayasahau matendo yao. Mimi mizani sina. Nina binti wa miaka ishirini na moja ambaye juma lake halikuwa na siku ya mwisho. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma. Bunge lilikuwa limempa dada kitu ambacho mimi, mwalimu wa Shule ya Sabato, nilikuwa nimemnyima. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Sisemi muuguzi aiache wodi, wala mlinzi alitupe lindo. Bwana wetu alilimaliza swali hilo katika Luka 13. Mama mmoja alikuwa amepinda mgongo miaka kumi na minane, hawezi kujiinua kabisa, na Yesu akamponya sinagogini siku ya sabato. Mkuu wa sinagogi akachukia, akawaambia makutano kwamba siku za kazi ni sita, waje kuponywa siku hizo. Yesu akauliza: ni nani kati yenu asiyemfungua ng'ombe wake au punda wake zizini siku ya sabato, akampeleka kunywa maji? Na huyu, binti wa Ibrahimu, haikupasa afunguliwe? Tazameni, ng'ombe na punda wa Kumbukumbu la Torati wamerudi kwenye mazungumzo. Yesu anaisoma ileile orodha, anaisoma kutokea chini kwenda juu. Yule mkuu wa sinagogi aliona sabato inavunjwa. Yesu aliona mgongo uliopinda, akaona hakuna siku inayofaa zaidi kuunyoosha.

Najua baadhi yenu mnaosoma tafakari hii mnakutana Jumapili, na juu ya siku ipi ndiyo Sabato tumeshazungumza mara nyingi kwa upendo. Msimamo wangu mnaujua. Lakini katika hili sote tumeshikwa. Ibada ya kwanza, ibada ya pili, chakula cha wageni mchana: nani yuko jikoni?

Baada ya ile Sabato nilikaa na mume wangu, tukaomba, kisha tukamwita dada tukamwomba radhi. Hakujua aangalie wapi. Tukamuuliza angependa siku yake ya kupumzika iweje. Nilitazamia, nakiri, kwamba ataomba kukaa nasi ibadani kwa utulivu. Akasema, "Mama, ningependa kulala." Tena akaeleza kwa heshima kwamba yeye kwao ni Mlutheri, na kuna shangazi yake Mbagala hajamwona tangu mwaka jana. Yaani miezi yote ile nimekuwa nikiihesabu ibada yangu kuwa mapumziko yake. "Mgeni aliye ndani ya malango yako," amri inasema, na haisemi mgeni huyo alazimishwe kuimba. Inasema asifanyishwe kazi.

Imetubidi tujifunze upya Ijumaa. Si rahisi, nami sitaki mtu adhani ni rahisi. Kazi za Sabato hazikutoweka, zimebidi zisogee nyuma, na sharti isiwe tu kwamba dada anafanya Ijumaa kazi za siku mbili. Mama yangu alibeba mizigo yote miwili mwenyewe. Hapo ndipo nilipokuwa nimemwelewa nusu. Sasa mume wangu anapiga pasi. Mtoto wa kwanza anang'arisha viatu. Mimi napika makande Ijumaa mchana, na wageni wakija Sabato wanayakuta hayohayo. Mzee mmoja wa kanisa aliyazoea mapochopocho yetu, safari hii alikula sahani mbili za makande akasimulia utoto wake. Kanisani tunapokezana mtoto, nami nimegundua kwamba chini ya ule mwembe hubiri halisikiki kabisa.

Juma hili, kabla jua la Ijumaa halijazama, naomba kila mmoja aisome ile orodha polepole na kuweka majina halisi. Mahali palipoandikwa "mjakazi wako," taja jina. Kijana wa bodaboda unayemwagiza akusubiri nje mpaka ibada iishe, taja jina. Kama hulijui, muulize. Mlinzi wa geti. Mama anayewapikia chakula cha makambi, ile mikutano yetu ya kila mwaka, ambaye hubiri analisikilizia jikoni. Kisha tuombe.

Sabato iliyopita dada aliamka saa nne asubuhi. Alikunywa chai, akavaa gauni lake la kijani, akaenda Mbagala. Baada ya chakula cha mchana vyombo tuliviloweka tukaviacha. Jioni tulifunga Sabato kwa wimbo, na giza lilipoingia mimi na mwanangu mkubwa tukaviosha pale uani, yeye anasuuza, mimi nasugua. Dada alikuwa bado hajarudi.